Mwandishi wa Programu Aliyechoka: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kurudi

Seva ikianza kusuasua, hakuna fundi makini anayefuta msimbo kabla ya kusoma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo. Ataangalia tatizo lilianza lini, nini kilibadilika wiki hiyo, nani aliweka toleo jipya hewani. Lakini fundi huyohuyo akianza kusuasua yeye, haangalii chochote. Anakimbilia tiba ya kwanza aliyoisikia: likizo, mazoezi, lugha mpya ya programu, au barua ya kuacha kazi. Wakati mwingine inasaidia. Mara nyingi haisaidii, kwa sababu uchovu wa kazi una vyanzo vingi, na tiba ya chanzo kimoja haigusi kingine. Nimewaona vijana hodari wakiiacha taaluma hii wakiamini wameishiwa akili, kumbe kilichowamaliza kilikuwa kitu kimoja kinachotajika na kinachoondoleka. Inaniuma, ndiyo maana nimeandika haya.

Tafuta dalili inayofanana na yako. Ukijiona kwenye mbili au tatu, anza na ile iliyoanza mapema zaidi kwako.

Kwanza: una hakika ni kazi?

Mei 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo lililoanza kutumika Januari 2022. Halikuuita ugonjwa, liliuweka kama hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Liliupa alama tatu: nguvu kukauka, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuhisi kwamba huna tija. Likasisitiza kuwa ni hali ya kazini tu, isitumike kueleza mambo mengine ya maisha.

Msisitizo huo unakupa kipimo cha kwanza. Ukiwa mbali na kazi, bado unafurahia vitu? Mpira, ibada, stori na rafiki, chakula cha mama? Kama hata hivyo vimepoteza ladha kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umevurugika na unajiona huna thamani popote, hiyo inaelekea kwenye sonona, na sonona inahitaji daktari. Ratiba mpya haitaiponya. Kama yamekujia mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo na uende hospitali leo. Muhimbili kule Dar es Salaam, Mirembe Dodoma na Mathari Nairobi wana wataalamu wa afya ya akili, na kama uko mbali nazo, hospitali iliyo jirani nawe ndiyo pa kuanzia.

Pima na damu pia. Upungufu wa damu, kisukari na tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango vyote huleta uchovu usioelezeka, na vyote vinaonekana kwa vipimo vya kawaida. Anayekoroma sana na kuamka na kichwa kizito amweleze daktari hilo bila aibu. Sisi watu wa kompyuta tunapenda kueleza kila kitu kwa msongo, na huku mwili unadai kitu kingine kabisa.

Dalili: unalala, unaamka umechoka vilevile

Hapa chanzo cha kawaida ni saa. Hesabu saa zako za kweli kwa wiki mbili, pamoja na zile za kujibu ujumbe ukiwa kwenye daladala na zile za "nimalizie hiki tu" baada ya chakula cha usiku. Wengi hushtuka wakiona jumla.

Wanaofanya kazi na kampuni za Marekani wana tatizo lao. Saa tano usiku ya Nairobi au Dar, San Francisco ni saa sita mchana majira ya baridi, na saa saba wakati wa kiangazi chao. Yaani mkutano wao wa katikati ya siku unakukuta wewe, kama uliamka saa kumi na mbili asubuhi kuwapeleka watoto shule, ukiwa macho kwa saa 17. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2000 matokeo yanayoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 hufanya vibaya kwenye majaribio ya umakini kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, ambacho ndicho kikomo cha dereva katika nchi nyingi za Ulaya. Katika hali hiyo unaombwa uidhinishe mabadiliko ya mfumo wa malipo.

Tiba yake ni kuhamisha siku nzima, maana kuiongeza urefu ndiko kunakoua. Ukiwa na mikutano ya usiku, asubuhi yako ianze saa nne au tano, na nyumbani waelewe hivyo. Hili ni gumu kuliko linavyosikika. Mama mkwe akikuta umelala saa tatu asubuhi atasema mvivu, na jirani atakutuma benki kwa kuwa "si uko nyumbani tu." Kaa nao uwaeleze mara moja, kwa heshima na bila kuzungukazunguka: nafanya kazi usiku kama mlinzi au nesi. Wanaelewa, maana kila ukoo una mtu wa zamu.

Kwa walioajiriwa, sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi zenye malipo kamili. Lakini ukisaini na kampuni ya nje kama mkandarasi huru, haki hizi hazikufuati. Likizo yako ni ile uliyoiandika kwenye mkataba, na kama hukuiandika, ipandishe kwenye bei: anayelipwa kwa saa ahesabu wiki za mwaka akiwa ameshaondoa nne za mapumziko, kisha ndipo ataje kiwango.

Dalili: simu ikilia, moyo unaruka

Hii ni ya wenye zamu ya dharura, wale wanaopigiwa simu saa yoyote mfumo ukiharibika, na naikazia kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo yenye tiba ya kiufundi kabisa.

Chukua mfano ambao yeyote aliyeunganisha malipo ya simu ataujua. Mteja analipa. Kampuni ya malipo inatuma uthibitisho kwenye seva yako. Ni mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, seva imelemewa na inachelewa kujibu. Upande wa pili unadhani uthibitisho haukufika, unautuma tena, na programu yako inaandika malipo mawili. Saa nane usiku simu inalia. Unafungua kompyuta palepale kitandani, unafuta mstari wa pili kwenye kanzidata (hifadhi ya taarifa za mfumo), unamtumia mhasibu ujumbe, unajilaza huku macho yamekauka. Mwezi ujao, yaleyale.

Baada ya miezi sita mtu huyu ataambiwa apumzike, na atapumzika, na simu italia tena tarehe 28. Kinachomchosha kinaitwa kwa jina: jedwali la malipo halina sharti la kukataa namba ya muamala iliyojirudia. Weka sharti hilo. Kisha badilisha mapokezi: uthibitisho ukifika, uhifadhi, jibu papo hapo kwamba umepokea, na uchakataji ufanyike baadaye kwenye foleni. Kazi ya siku moja au mbili, pamoja na majaribio. Kwa nini haikufanyika miezi sita yote? Kwa sababu kila asubuhi baada ya tukio, mtu aliyejua dawa alikuwa amechoka mno kuitekeleza, na kwenye orodha ya kazi za wiki haikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo fungua daftari au faili moja. Kila simu ikikuamsha andika saa, chanzo na ulichofanya. Mwisho wa mwezi panga kwa chanzo. Karibu kila mara utakuta vyanzo viwili au vitatu vinabeba sehemu kubwa ya usiku wako, na hapo una hoja ya kumpelekea kiongozi wako. Google imeweka kanuni kwa timu zake za uendeshaji wa mifumo kwamba kazi za kuzima moto kwa mikono zisizidi nusu ya muda, nusu nyingine iende kwenye kuondoa vyanzo. Kampuni ndogo ya watu watano haiwezi kuiga kila cha Google, lakini hili inaweza, hata kwa kutenga Ijumaa tu. Na zamu ya dharura isibebwe na mtu mmoja. Aliyeamshwa usiku aingie kazini mchana, bila kulazimika kuomba.

Ujumbe kwa kiongozi unaweza kuwa mfupi hivi: "Habari za asubuhi, mkuu. Mwezi huu nimeamshwa usiku mara kadhaa, na nyingi ni kwa ajili ya malipo yanayojirudia. Nimeambatisha orodha. Naomba siku mbili wiki hii nirekebishe tatizo hilo moja kwa moja. Naomba pia tupange mtu wa pili wa kupokezana zamu." Tarehe na orodha vina nguvu kuliko "nimechoka sana," neno ambalo kila mtu ofisini analisema.

Dalili: umekaa mbele ya skrini tangu saa tatu, saa saba inafika hakuna mstari

Usiiite uvivu haraka. Uliza kwanza: kazi yenyewe inaeleweka? Tiketi, yaani ombi la kazi kwenye orodha ya timu, iliyoandikwa "boresha ukurasa wa wateja" haina pa kuanzia wala pa kuishia, na akili hukwepa kitu kisicho na mlango. Andika kwa sentensi moja nini kitaonekana kazi ikiisha. Ukishindwa kuiandika, kazi yako ya leo ni kumuuliza aliyeileta.

Kama inaeleweka, angalia mikato. Mtafiti Sophie Leroy, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, alionyesha kwamba mtu akihama kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya umakini wake hubaki kwenye ile aliyoiacha, hasa kama hakuimaliza. Ukijibu kundi la WhatsApp la ofisi kila baada ya dakika kumi, asubuhi nzima unafanya kazi kwa akili iliyogawanyika, na jioni unachoka bila kuona ulichofanya. Zima arifa mpaka saa sita mchana, waambie wenzako wapige simu kwa jambo la dharura. Wengi hawatapiga.

Na kama moyo ndio umegoma, chagua badiliko dogo kuliko yote kwenye orodha: ujumbe wa kosa usioeleweka, jaribio moja lililokosekana. Lifanye, liweke hewani, lione likifanya kazi. Jioni, kabla hujafunga, acha maelezo ya mistari miwili ya utakapoanzia kesho. Hamu ya kazi kwa kawaida hurudi baada ya kuanza. Anayeingoja irudi kwanza hungoja sana.

Dalili: kila mtu anakuudhi, kila wazo ni la kipumbavu

Unasoma msimbo wa mwenzako na maoni yako yana ukali usiokuwa wako. Mteja akisema "ni kabadiliko kadogo tu" unatamani kumfungia namba. Hapa usingizi hausaidii sana.

Mwanasaikolojia Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetoa kipimo cha uchovu wa kazi pamoja na Susan Jackson mwaka 1981, baadaye alieleza na Michael Leiter maeneo sita ambako mtu na kazi yake hutofautiana: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua mambo yako, malipo na kutambuliwa, uhusiano na wenzako, haki, na maadili. Kati ya sita hayo, ni moja tu linalotibika kwa kulala. Chuki kazini, kwa jinsi nionavyo, hutoka zaidi kwenye haki na maadili.

Haki: ulikesha kumaliza mfumo, aliyepanda jukwaani kuueleza ni mwingine. Au unajitegemea, na awamu ya mwisho ya malipo haijaja tangu mvua zilizopita. Kwa wanaojitegemea dawa iko kwenye mkataba: malipo ya awali kabla ya mstari wa kwanza, awamu zinazofuata hatua, idadi ya marekebisho iliyotajwa, na mfumo kukabidhiwa rasmi awamu ya mwisho ikishalipwa. Mteja anayekataa yote hayo mwanzoni ameshakuonyesha mwisho utakavyokuwa.

Maadili: unajenga kitu ambacho usingependa kitumike kwa dada yako. Kenya ilishuhudia miaka ya mikopo ya simu ambapo programu zilichota majina kwenye simu ya mkopaji, akichelewa kulipa, ndugu, mchungaji na mwajiri wake wakaanza kutumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kwa watoa mikopo ya kidijitali zilikataza jambo hilo. Lakini kuna mtu aliyeuandika ule msimbo wa kuchota majina. Ukiwa mahali kama hapo na mwili unagoma kila asubuhi, mwili wako uko sahihi. Pinga kwa maandishi, omba kuhamishiwa kazi nyingine, na anza kutafuta pa kwenda.

Dalili: mradi wa kujitolea umegeuka deni

Ulichapisha programu bure kwa mapenzi, leo wageni wanakudai kama umewakopa. Dunia ililiona hili kwa ukubwa wake kwenye xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, mfumo endeshi unaotumika kwenye seva nyingi. Mwaka 2022 msimamizi wake, aliyekuwa akiibeba karibu peke yake, alisema waziwazi kwamba matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili yamempunguzia uwezo wa kuishughulikia. Watu waliendelea kumshinikiza. Msaidizi mmoja mwenye subira, aliyekuwa ameshajitokeza, akaaminiwa, akapewa ufunguo, yaani ruhusa ya kubadilisha programu, kisha akapenyeza mlango wa siri. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa takribani nusu sekunde.

Aliyechoka pale hakuwa na kosa. Kosa ni la wote waliomtegemea bila kumshika mkono. Ukiwa katika nafasi yake, andika juu kabisa ya ukurasa wa mradi kwamba majibu hutolewa mara moja kwa mwezi, au kwamba mradi umesimama. Unaruhusiwa. Na usimpe mtu ufunguo kwa sababu tu umechoka kumkatalia.

Dalili: umerudi likizo, wiki ya pili ni yaleyale

Likizo yenyewe ni kipimo kizuri, kama ulikuwa likizo kweli na si kujibu tiketi ukiwa ufukweni Nungwi. Uchovu ukiisha kisha ukarudi polepole baada ya miezi, tatizo ni wingi wa kazi, punguza. Ukiisha siku ya kwanza ya kuondoka na kukurukia jioni kabla ya kurejea, kuna kitu mahususi kinakungoja pale: mtu, mkutano, au mfumo mmoja. Kitaje. Usipoisha kabisa hata ukiwa mbali, rudi kwenye sehemu ya daktari hapo juu.

Dalili: unaamini huwezi tena

Kila wiki kuna fremuweki mpya (zana ya kujengea programu), akili mnemba inaandika kwa sekunde ulichokuwa ukiandika kwa saa nzima, na vijana wa mwaka wa pili chuoni wanazungumza maneno usiyoyajua. Usijibu hili kwa kozi nyingine ya usiku, umeshachoka. Fungua historia ya msimbo wako wa mwaka mzima na uorodheshe matatizo uliyotatua, hasa yale ambayo ugumu wake ulikuwa kujua nini kinatakiwa. Hayo hayajapitwa.

Kisha jenga kitu kimoja kidogo kwa mtu unayemwona kwa macho. Kikoba cha mama kinaandika hisa na mikopo kwenye daftari la kaunta, na kila mwezi wanabishana nani alilipa riba. Watengenezee jedwali rahisi kwenye simu ya katibu, kaa pembeni siku ya mkutano uone wanavyolitumia, na wanapokwama. Hakuna mpango wa kulikuza, hakuna wawekezaji. Nimeona watu wakirudishiwa hamu na kazi ya namna hii kuliko na semina yoyote, kwa kuwa wanaona kosa lililokuwepo mwezi uliopita halipo tena na aliyefurahi yuko mbele yao.

Kama umeamua kuacha

Usiandike barua katika wiki mbaya kuliko zote. Subiri upate usingizi wa siku kadhaa, kisha usome tena daftari lako la dalili. Kama chanzo ni haki au maadili na umeshasema bila kusikilizwa, kuondoka ni tiba halali. Weka akiba ya miezi michache kwanza kama una nafasi hiyo, kwani njaa nayo ni msongo. Katika usaili wa kazi mpya uliza maswali yanayogusa kilichokuumiza: zamu ya dharura inabebwa na wangapi, mara ya mwisho mtu aliamshwa usiku ilikuwa lini na nini kilirekebishwa baadaye, mkutano wa mwisho wa siku ni saa ngapi kwa saa za huku. Omba pia kuzungumza na mmoja wa watakaokuwa wenzako, bila bosi kuwepo.